Picha ya Kupimia Mwanga

Kama gazeti lako la wiki jana liliishia kufungia misumari dukani, vuta kiti nikupe kwa kifupi, kisha twende pamoja.

Mimi ndiye Bi Flashi, mpiga picha wa ghorofani, mwenye studio isiyokosa watu. Kuna wanaokuja kupigwa picha, kuna wanaokuja kuwachungulia wanaopigwa picha, na kuna wanaokuja kwa sababu feni yangu inazunguka. Sijawahi kumfukuza mtu. Nyumba kimya hunitia homa.

Asubuhi moja aliingia wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Ana mfuko wa plastiki, mguu huu kiatu, mguu huu ndala. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa hakikunjiki. Sikumwuliza. Nilimwingiza chumba cha kubadilishia nguo, kile kilicho nyuma ya turubai la kupigia picha, na tangu siku ile akawa analala humo kati ya magauni ya wateja.

Mtaani Kaka alikuwa akitangaza kwamba mkewe kaenda kumwuguza shangazi yake. Mama akaamini. Mama huamini kila kitu kinachotoka kwenye kinywa cha Kaka, hata kikohozi.

Niliwaacha pale modo wa kuvaa magauni alipochelewa, taa zimeshawaka, nami nikamtoa Wifi mafichoni, nikamwambia, "Njoo ukae kwenye stuli kidogo, nipime mwanga."

Msomaji mmoja kaniandikia: "Bi Flashi, ya mume na mke waachie wenyewe." Msomaji wangu, soma mpaka mwisho leo, halafu uniandikie tena.

*

Wasioijua kazi hii wapate kuelewa. Kabla mwenyewe hajaketi, anaketi mtu yeyote mahali pake. Anashika kadi ya kijivu, unapiga mbili tatu, unaangalia mwanga umekaaje usoni na rangi zimekaaje. Mwenyewe akifika, zile unazifuta. Hakuna mtu anayetunza picha za kupimia mwanga. Ni kama kutunza maji ya kusukutulia.

Mimi nilitunza.

Wifi alikuwa amevaa gauni la Bi Mkasi, yule fundi mkubwa wa magauni aliyenipa kazi ya kupiga mavazi yake mapya. Gauni lilimpwaya, tukalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Uso mkavu, bila hata mafuta. Kadi ameishika kwa mkono wa kushoto, maana ule wa kulia haukupanda. Na hakuitazama kamera. Aliutazama mlango.

Jamani, nimepiga maharusi, nimepiga warembo wenye mashavu ya kukodisha, sijawahi kupata uso kama ule. Nikajiambia nitaiangalia tu. Nikajiambia nitaisafisha kidogo tu. Mpiga picha anayesema "kidogo tu" ni sawa na mlevi anayesema hivyo hivyo.

Jioni nikachagua za kumpelekea Bi Mkasi. Folda ikajaa. Nikabonyeza zote, nikatuma.

*

Asubuhi simu ikalia.

"Bi Flashi, wewe mchawi!"

"Nimefanya nini tena, Bi Mkasi?"

"Huyu mwenye kadi! Umemtoa wapi huyu? Hao modo wako wote wa kununa nimewaweka pembeni. Huyu anayetazama mlango kama kasikia mtu anamwita, ndiye ninayemtaka."

Nikainuka kitini.

"Hiyo ilipita kwa bahati mbaya. Ifute."

"Niifute? Mwenzangu, nimeshaipeleka kwa mtu wa mabango. Inapanda juu ya duka langu, pale kwenye mzunguko wa barabara. Kila gari litapunguza mwendo!"

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka tu kwamba nilifika kwa mtu wa mabango na kanga ya kufutia lenzi begani.

Mashine ilikuwa inachapa. Inachapa kwa mstari, inakwenda kulia inarudi kushoto, uso unashuka polepole kama mtu anayeteremshwa kisimani kwa kamba. Nywele zilikuwa zimeshatoka. Paji la uso limeshatoka. Macho ndiyo yalikuwa yanaanza.

"Zima!"

"Mama, nikizima kitambaa kimeharibika."

"Kiharibike! Zima!"

Akazima. Wifi akabaki pale na macho yake makubwa, pua hana, mdomo hana.

Bi Mkasi akaja mbio, mkanda wa kupimia unaning'inia shingoni. Alikuja na maneno yake yote mdomoni tayari kunimwagia. Nikamvuta pembeni, nikamweleza nusu. Mkono. Ndala. Nusu tu, lakini fundi anajua kuimalizia nusu iliyobaki.

"Akionekana huyu, anaumia?" akauliza.

"Akionekana, anaumia."

Akashusha pumzi. "Basi. Bango limekufa." Kisha akaanza kuuzungusha ule mkanda kidoleni. "Lakini, Bi Flashi..."

"Lakini nini?"

"Niliiweka kwenye statasi yangu ya simu."

"Lini?"

"Alfajiri. Kidogo tu. Nimeshaitoa sasa hivi hapa unaniona."

"Nani kaiona?"

"Wateja wangu tu, jamani! Wanawake wenzetu. Na waume zao wachache wanaoshonesha mashati."

Kaka yangu hupenda sana mashati ya kushonesha. Nililijua hilo. Nikalikunja, nikalificha huko huko nilikolijulia.

*

"Wifi, mbona unahema?" akaniuliza nilipoingia.

"Ngazi, wifi yangu."

"Ngazi hizi hizi za kila siku?"

Alikuwa ameketi juu ya ndoo ndani ya kile chumba, anashona kifungo cha gauni la mteja kwa mkono wa kushoto. Sikumwambia. Nilijiambia nitamtia hofu bure.

"Nikuulize," nikasema, nimejifanya napanga nguo. "Kaka akikasirika huwa anafanyaje? Anapiga kelele?"

Akacheka bila sauti.

"Kelele? Angekuwa wa kelele majirani wangenisaidia. Wifi, kaka yako akikasirika anachekesha watu. Wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, huku najua wakishaondoka atafunga mlango." Akakata uzi kwa meno. "Mara ya mwisho aliniambia, ukitoka tena nitakupeleka mahali ambapo hata mama yangu hataniuliza."

"Maneno ya hasira hayo."

"Alisema huku ananivunja mbavu kwa kicheko, wifi. Nami nilicheka."

*

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, nikasikia kicheko ngazini.

Kinyozi wa mlango wa pili anacheka. Fundi simu anacheka. Muuza vitambaa, mwanamke mgumu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, anacheka. Na katikati yao sauti inapanda, ngazi moja baada ya nyingine.

"Hodi wenyewe! Au siku hizi mpaka tupange foleni?"

Kaka. Suti mpya, viatu vinang'aa, mfuko wa machungwa mkononi. Na nyuma yake Mama, kavaa nguo yake ya kutokea, kaipakata pochi yake kifuani.

Nyuma ya turubai, ndoo aliyokalia Wifi ilikwaruza sakafu mara moja. Poda, binamu yangu anayewapamba wateja wangu, alinitazama. Nikamtazama. Brashi ilikuwa imesimama hewani.

"Karibuni," nikasema. "Kuna heri?"

"Nimekuja kupigwa picha, mdogo wangu. Mtu mzima hana hata picha moja ya maana. Nikifa mtaweka nini ukutani, kalenda?"

Mama akampiga kikofi cha bega. "Usiseme hivyo."

"Natania, Mama."

Akili yangu ikaenda mbio. Mimi silaha yangu ni moja, siku zote ni moja: watu. Mbele ya watu hatafanya kitu. Nikamkonyeza Poda.

"Poda, waite jirani zetu waingie! Leo tuna modo wa kiume, wasije wakasema nimewaficha."

Wakaingia wote. Kinyozi na mkasi wake, fundi simu na simu ya mtu iliyopasuliwa kiganjani, muuza vitambaa, na wateja wao pia. Studio ikajaa mpaka mlangoni. Nikajisikia nimejenga ukuta.

Mama akapewa kiti, akakiweka mwenyewe ubavuni mwa turubai, karibu na ule upenyo wa kupita kwenda nyuma. "Hapa kuna upepo," akasema. Kweli feni ilikuwa upande ule.

"Nataka turubai hili la kijivu," Kaka akasema.

"Ninayo mengine. Lipo jeupe, lipo la bluu..."

"Hili. Si nililipaka mimi?"

Ni kweli. Nilipofungua studio, turubai lile tulilipaka pamoja, tukicheka, rangi mpaka kwenye nywele. Aliteleza, akalishika likiwa bichi. Alama ya kiganja chake ikabaki upande wa juu, nami nikaiacha kwa mapenzi. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye ile stuli kakaa chini ya kile kiganja.

Kaka akanyoosha mkono, akakiweka kiganja chake juu ya alama ile. Kikaenea sawasawa.

"Unaona? Bado kinanitosha." Akanigeukia, anatabasamu. "Kila picha unayopiga hapa, mdogo wangu, na mimi nimo."

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile statasi ameiona. Uso wa Wifi angeweza kudhani ni mtu kafanana naye. Kiganja chake mwenyewe, begani pa mkewe, asingeweza kukisahau.

*

Akaketi. Poda akampaka poda paji la uso, brashi inampigapiga.

"Taratibu, binamu," akamwambia. "Mimi si ukuta."

Kicheko tena.

Nikachukua kamera. Nikasema nianze haraka, nimalize haraka.

"Hupimi mwanga kwanza?" Kaka akauliza.

"Nitapima."

"Zamani nilikuwa nakusimamia mimi. Siku hizi nani anakusimamia?"

Studio nzima ilinisubiri. Kinyozi, Mungu ampe maisha marefu, akadakia: "Siku hizi anasimama yeyote! Juzi kanishika mimi na mateja wangu wana sabuni kichwani!"

"Mateja wa unga, au wateja?" fundi simu akamchokoza.

"Wewe tengeneza simu za watu!"

Wakalipuka. Kaka naye alicheka, akanyoosha mkono. "Nipe ile kadi."

Nikampa. Akaishika kwa mkono wa kushoto.

Hakuna aliyemwambia aishike kwa kushoto. Akainyanyua mpaka usawa wa kifua, akageuza uso pembeni, macho yakaenda mbali na kamera.

"Hivi?" akauliza. Akainamisha shingo kidogo. "Au hivi ndivyo mnavyopenda?"

Alikuwa amekaa kama Wifi. Bega, shingo, kidole gumba juu ya kadi. Ameiga kila kitu isipokuwa hofu.

"Hivyo hivyo, usitikisike," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

Nikajiambia: Bi Flashi, mshike humu humu. Maadamu yuko ndani ya lenzi, hayuko nyuma ya turubai. Usimwache hata kupepesa. Nikafumba jicho moja, nikamng'ang'ania kwa lile lingine. Nikapiga. Nikapiga tena. Ukishaingia mle, wenzangu wa kazi wanajua, chumba hakipo, watu hawapo, kuna kisanduku kimoja chenye mtu mmoja.

"Poda," Kaka akasema bila kugeuka, "Mama ana kiu. Huna hata soda ya kumpa bibi wa watu?"

Poda akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, kwamba nenda, tusimpe sababu. Akatoka.

"Na shemeji yetu, anarudi lini?" kinyozi akauliza. "Tumemkumbuka."

"Anarudi! Nimemtafutia makazi mapya. Ile nyumba nimeirudisha kwa mwenyewe, juzi nimekabidhi funguo." Akatoa pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Majirani walikuwa wengi mno. Ukipiga chafya, mtaa wa tatu wanakuombea."

Muuza vitambaa alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi simu aliangusha kioo. Nami nilipiga, nikapiga, nikapiga, na kila Kaka alipotupa neno wao walinguruma. Ule ukuta wangu wa watu ulitikisika kwa raha, hata sakafu ilisikika.

Ghafla akasimama.

"Zinatosha."

"Hujaziona hata moja."

"Nakuamini, mtoto wa mama." Akaninong'oneza sikioni kama anayeniaga kwa upendo: "Nitumie zote. Usifute hata moja. Hata zile za kupimia mwanga."

"Mama yuko wapi?"

"Ametangulia garini. Magoti yake na ngazi unayajua."

Akashuka, anapeana mikono na watu mpaka chini.

*

Nilisubiri gari lingurume liondoke. Nikasubiri watu watawanyike. Kisha nikapita ule upenyo.

"Wifi. Toka, ameondoka."

Ndoo ipo. Gauni lipo, sindano imechomekwa kwenye kifungo. Mfuko wake wa plastiki upo, kiatu na ndala vipo, vimewekwa pamoja kama jozi. Mlango wa ngazi za nyuma, zile za kutolea taka, ulikuwa wazi.

Poda akaingia na chupa. "Mama yuko wapi? Soda inapata moto."

Nilikimbilia kompyuta, nikaichomeka kadi ya kamera.

Picha za kwanza nilikuwa sijamsogelea. Zilichukua stuli, turubai, mpaka pembeni. Kaka katikati na kadi yake. Ubavuni Mama kwenye kiti, pochi mapajani.

Inayofuata: Kaka, kadi. Kiti. Pochi imebaki peke yake.

Inayofuata: turubai limebonyea kidogo, kama mtu kaligusa kwa bega akipita nyuma yake.

Inayofuata: pale chini, turubai linapoishia kabla ya kufika sakafuni, viatu vya Mama. Na kando yake miguu mitupu.

Poda akaweka mkono mdomoni.

Na Kaka katika zote hizo, uso umegeuka, macho pembeni. Nilidhani anaiga picha ya mkewe. Alikuwa anaangalia ule upenyo. Alikuwa anawahesabia hatua, na anawachekesha watu ili zisisikike.

Kamera iliwaona wote. Aliyeishika hakuona.

*

"Mama, uko wapi?"

"Nipo kwangu, navua viatu." Sauti kavu. "Na wewe usinipigie mpaka ujirekebishe. Mtoto wa watu unamfungia chumbani kama ndoo ya kudekia!"

"Mama..."

"Kaka yako kanieleza yote. Kwamba wewe ndiye unayewagombanisha. Kwamba nikikuomba utamficha zaidi. Kaniambia, Mama, mimi nitamshughulisha na picha, wewe mchukue mwenzako kwa upole."

"Na Wifi alikubali?"

"Nilimwambia tunakwenda kwangu. Kwangu mimi, nyumbani kwangu. Nikamshika mkono, akanifuata kama mwanangu wa kumzaa."

Moyo ukanitua kidogo. "Kwa hiyo uko naye hapo."

"Aa, hapana. Tulipofika mlangoni kaka yako akasema, shuka upumzike, sisi twende nyumbani tukazungumze wenyewe, tutarudi kula jioni. Nikaona ni vizuri."

"Yeye akasemaje?"

"Kaka yako?"

"Wifi, Mama. Wifi alisemaje?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Hakusema neno. Alinishika gauni nilipokuwa nashuka. Nikajua ni haya, unajua tena watu waliogombana. Nikamtoa vidole."

Nilifumba macho.

"Mama, wamekwenda nyumba gani?"

"Kwao! Nyumba gani tena?"

"Kaka amekabidhi funguo za ile nyumba juzi. Kasema mwenyewe hapa, mbele ya watu. Wewe ulikuwa umeshapita nyuma. Mama, ile nyumba haina hata kitanda. Kakuonyesha nyumba nyingine? Kakutajia mtaa?"

Nilisikia kiatu kikianguka sakafuni. Kile cha pili hakikuanguka.

"Mama?"

"Sikumwuliza," Mama akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Sikumwuliza, mwanangu."

*

Simu ya Kaka iliita mpaka ikachoka. Poda alikuwa keshapiga simu kituo cha polisi. Walimwuliza aliyemchukua mwanamke huyo ni nani. Akasema mume wake. Wakamwambia basi asubiri, pengine wameenda kutembea.

Majirani wakarudi walipouona uso wangu mlangoni. Kinyozi aliposikia, alikaa chini pale pale koridoni. "Nilimchekea," akawa anasema. "Mimi nilimchekea."

Nikampigia Bi Mkasi.

"Kile kitambaa cha bango kimeshatupwa?"

"Kipo kwa yule bwana. Nusu uso. Kwani vipi?"

"Nenda. Mwambie aanze upya, achape uso mzima. Utundike leo."

"Bi Flashi, una akili zako? Juzi si ulinililia kwamba akionekana ataumia?"

"Juzi ndiyo. Leo ni asipoonekana."

Akaelewa. Nilimsikia akiita bodaboda papo hapo, simu iko sikioni, mkanda unagongagonga. Hakuniuliza gharama, hakuniuliza kisa. Alipofika, sauti ya yule bwana ikaja kwa mbali, anauliza kitu.

"Anasema kuna doa la kiganja begani," Bi Mkasi akanifikishia. "Alifute?"

"Aliache. Na chini asiandike jina la duka. Aandike 'Umemwona wapi?' na namba yangu."

Mashine ikaanza. Niliisikia ikienda kulia ikirudi kushoto, na nikazijua zinazotoka: nywele, paji la uso. Kabla haijafika macho, simu ikatetema sikioni. Mtu mwingine anapiga.

Namba ya Kaka.

Nikapokea. Hakuwa yeye. Ilikuwa pumzi tu, karibu sana, pumzi ya mtu aliyeziba mdomo kwa mkono. Na nyuma yake, chumba cha pili labda, sauti ya Kaka inasimulia kitu, na watu wengi nisiowajua wanacheka, wanacheka mpaka wanapiga meza.

"Wifi," nikanong'ona. "Uko kwa nani? Sema neno moja tu."

Alivuta pumzi aseme.

Kule nyuma, kicheko kikakatika.